Chama cha Wahitimu na Mji Wake

Neno "kuhitimu" tunalolifundisha madarasani lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na kwa muda mrefu maana yake kubwa miongoni mwa Waswahili ilikuwa kumaliza kusoma Kurani chuoni. Siku ya kuhitimu ilikuwa siku ya furaha: wazazi waliandaa karamu, mwalimu alipewa zawadi, na jirani waliitwa kushuhudia. Kuhitimu, kwa hiyo, hakukuwa jambo la mtoto peke yake. Mtaa mzima ulikuwa na sehemu yake. Katika makala haya tungependa kuuliza swali moja: je, wahitimu wa shule za kisasa, wanapoungana na kuunda chama chao, mtaa una sehemu gani ndani ya chama hicho? Ili kulijibu tutatazama mifano mitatu, tukianzia mbali na kumalizia hapa kwetu Bujumbura.

Mfano wa kwanza ni wa Wamarekani weusi. Tarehe 4 Desemba 1906, katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, wanafunzi saba weusi waliunda chama cha udugu walichokipa jina la herufi za Kigiriki, Alpha Phi Alpha. Vyama vya namna hiyo vilikuwa desturi ya vyuo vya Marekani, lakini vile vya wazungu havikuwakubali. Wanafunzi weusi walikuwa wachache mno, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuacha masomo kabla ya kumaliza. Udugu huo, basi, ulianza kama ngao: kusaidiana katika masomo na kuondoleana upweke. Mwaka uliofuata tawi la pili lilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington.

Lakini masomo yana mwisho, na aliyehitimu huondoka chuoni. Je, udugu nao uishe? Jibu lilitolewa mwaka 1911 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, ambako lilianzishwa tawi la kwanza la wahitimu, lililoitwa Alpha Lambda. Tangu hapo matawi ya wahitimu ya chama hicho hutambulikana kwa neno Lambda linalokuja mwishoni mwa majina yao.

Mahali penyewe panatufundisha jambo. Mwaka 1904 jimbo la Kentucky lilikuwa limetunga sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha sheria hiyo iendelee. Msomi mweusi aliyerudi Louisville hakuwa na chuo cha wazungu cha kukimbilia. Kazi yake ilikuwa miongoni mwa watu wake: katika shule za weusi, makanisani, hospitalini, na katika maktaba iliyofunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya wasomaji weusi, chini ya uongozi wa Thomas Fountain Blue. Eugene Kinckle Jones, mmoja wa wale waasisi saba, alikuwa mwalimu mjini humo kabla ya kwenda New York mwaka huohuo wa 1911 kulitumikia shirika lililoshughulikia maisha ya weusi mijini. Tunapenda kuwakumbusha walimu wenzetu jambo hilo.

Baadaye chama hicho kilianza kampeni ya kuwahimiza vijana weusi waingie shule za sekondari na vyuo. Mwaka 1935 Donald Gaines Murray alifunguliwa mlango wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland kwa amri ya mahakama, na miongoni mwa mawakili waliomtetea alikuwamo Thurgood Marshall, mwanachama wa Alpha Phi Alpha. Hata hivyo, sifa haziondoi lawama. Mtaalamu wa elimu ya jamii E. Franklin Frazier, mwenyewe Mmarekani mweusi, aliandika kitabu kilichotoka kwanza kwa Kifaransa mjini Paris mwaka 1955, na ndani yake aliwashutumu wasomi weusi pamoja na vyama vyao vya udugu kwa kupenda anasa na kujitenga na umma. Shutuma hiyo haifai kupuuzwa. Chama kilichozaliwa kwa sababu milango ilifungwa kinaweza nacho kujenga mlango wake na kuufunga.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwaka 1943, katika Chuo cha Makerere, Uganda, Julius Nyerere, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Kingeweza kubaki chama cha wanafunzi wachache walio ugenini. Lakini walipotambua kwamba kwao kulikuwa tayari na Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA, kilichoanzishwa mwaka 1929, waliona afadhali kukifanya chama chao kuwa tawi la kile kikubwa. Walipohitimu, Nyerere na Tibandebage walifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora, na hapo waliendelea na kazi ya TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU, na ualimu ukazaa uongozi wa taifa. Hapa tunaona hatua moja zaidi ya ile ya Louisville: wahitimu hawakuunda tawi lao wenyewe, bali waliingia katika chama ambacho makarani, wafanyabiashara na watu wengine wa mjini walikuwa wamekwisha kukijenga.

Sasa tuje nyumbani. Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati wa ukoloni, ulikuwa na wasomi waliotoka katika shule ya Astrida, nchini Rwanda, iliyokuwa ikiwatayarisha vijana wa Rwanda na Burundi kuwa makarani na wasaidizi wa serikali ya Kibelgiji. Lugha ya kupandia cheo ilikuwa Kifaransa. Upande mwingine wa mji ulikuwapo mtaa wa Buyenzi, wenye Waislamu wengi na wachuuzi wengi, ambao lugha yake ilikuwa, na ingali, Kiswahili. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na dharau. Na hata leo katika Kirundi neno la kumtaja Mswahili huweza kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika.

Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, alisoma Astrida, kisha Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi angeweza kukaa baraza moja na wasomi wenzake. Badala yake, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, ili waweze kusimama katika soko lililotawaliwa na wageni, na wachuuzi wa Buyenzi wakawa miongoni mwa wafuasi wake wakubwa. Ushirika ulipata matatizo ya fedha, nao wakoloni hawakuupenda. Lakini urafiki uliojengwa haukupotea. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 chama cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore aliuawa, akiwa na umri wa miaka 29.

Mifano hii mitatu haifanani kwa kila jambo. Louisville ilikuwa na tawi la udugu, Tabora tawi la chama cha umma, Bujumbura ushirika. Lakini yote inatupa kipimo kimoja. Thamani ya chama cha wahitimu haipimwi kwa shahada za wanachama wala kwa fahari ya mikutano yao. Hupimwa kwa kutazama ni nani asiyesoma aliyenufaika kwa kuwapo kwake.

Sisi walimu wa Kiswahili tu wahitimu pia, na chama tunacho. Tukikutana ili kusahihishana sarufi tu, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili inatungoja Buyenzi, kwa watu ambao walikuwa wakisema Kiswahili kabla hatujakiandikia vitabu. Wahenga walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali.