Kutoka Rangi hadi Vinyweleo: Uainishaji wa Mimea katika Milima ya Usambara

Dindira, kata inayolima chai kwenye Usambara Magharibi wilayani Korogwe, imo katika nchi iliyopangwa kwa mimea tangu kale. Wasambaa walitenganisha Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na baridi, na nyika iliyo chini kwa kutazama kilichoota. Aliyeijua miti alijua amefika wapi.

Uainishaji wa vitabuni uliletwa na Wajerumani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za kijiua cha zambarau. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, alikipa jina Saintpaulia ionantha. Wanunuzi wa Ulaya walikiita urujuani, na wanakiita hivyo hadi leo. Ukikipasua, undugu huo wa jina unavunjika: urujuani wa kweli una petali tano zilizoachana na stameni tano, ilhali petali za kijiua hiki zimeungana chini kuwa mrija mfupi, na stameni zenye chavua ni mbili tu, za manjano, vichwa vimeshikana. Rangi, inayomvutia mwanafunzi kwanza, ndiyo sifa dhaifu kuliko zote.

Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima hiyo hiyo ya Usambara, kilichoanzishwa 1902, kilikusanya mimea iliyokaushwa kwa miongo kadhaa, kabla ya hazina hiyo kuhamishiwa Nairobi. Mtaalamu wake P. J. Greenway alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, kazi ambayo walimu wangeweza kufaidika nayo zaidi ya wanavyofaidika sasa.

B. L. Burtt, wa bustani ya mimea ya Edinburgh, aliigawa Saintpaulia kuwa spishi 20 hivi. Alishika lenzi akatazama vinyweleo vya jani: virefu au vifupi, vimesimama au vimelala. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea Iain Darbyshire alizipunguza hadi sita, kwa kuwa sifa nyingi kati ya hizo zilibadilika hatua kwa hatua kutoka mlima hadi mlima.

Pigo kubwa lilikuja 2015. Uchunguzi wa DNA uliiingiza Saintpaulia yote ndani ya Streptocarpus, jenasi ambayo zamani ilitengwa nayo kwa sababu matunda yake yamesokotwa kama kamba na ya Saintpaulia hayakusokotwa. Msituni, hata hivyo, anayetaka kutambua spishi bado huanza na jani, vinyweleo na tunda.