Chanel: vipodozi vya msimu

Vipodozi vya msimu vya Chanel ni matoleo ya rangi za midomo, kope, mashavu na kucha ambayo nyumba ya mitindo ya Chanel, iliyoanzia Paris, Ufaransa, huyaingiza madukani kwa vipindi maalumu vya mwaka: majira ya machipuo, kiangazi, majira ya kupukutika kwa majani, na kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka. Sehemu kubwa ya matoleo hayo hutengenezwa kwa kiasi chenye kikomo, na ikiisha imeisha. Huuzwa sambamba na bidhaa za kudumu kama vile lipstiki za Rouge Allure (2006) na Rouge Coco (2010), na poda za Les Beiges (2013). Rangi hubadilika kila msimu. Kasha kwa kawaida halibadiliki, na hapo ndipo ilipo siri ya chapa hii.

Chimbuko na umiliki

Gabrielle Chanel (1883–1971), maarufu kama Coco, alifungua duka la kofia katika namba 21 rue Cambon, Paris, mwaka 1910. Manukato ya No. 5, yaliyotungwa na Ernest Beaux, yalitoka 1921. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya Parfums Chanel, na mwaka huohuo vikaanza kuuzwa vipodozi vya kwanza, lipstiki ikiwamo. Katika mkataba, ndugu Pierre na Paul Wertheimer walichukua asilimia 70, Théophile Bader wa maduka ya Galeries Lafayette asilimia 20, na mwenye jina lake akaambulia asilimia 10.

Mgawo huo ulimkera Chanel kwa miaka mingi. Ufaransa ilipokuwa chini ya Wajerumani, alijaribu kutumia sheria za kuwapora Wayahudi mali zao ili kuwang'oa akina Wertheimer, lakini wao walikuwa wamekwisha kuiweka kampuni mikononi mwa Félix Amiot, Mfaransa asiye Myahudi. Ni doa ambalo matangazo ya chapa hayaligusi. Mwaka 1954 Chanel, akiwa na umri wa miaka 70, alirudi kwenye ubunifu wa mavazi kwa fedha za Pierre Wertheimer yuleyule. Kampuni imebaki mali ya familia hiyo hadi leo.

Suala la umiliki lina uzito wake katika vipodozi. Familia ya Wertheimer ilikuwa tayari inamiliki Bourjois, kampuni iliyoanzishwa 1863 na kujipatia jina kwa vipodozi vya waigizaji wa jukwaani, pamoja na rangi ya mashavu inayookwa badala ya kushindiliwa. Bourjois ilibaki kwa familia hiyo mpaka ilipouzwa kwa Coty mwaka 2015. Isitoshe, katika vipodozi Chanel haikukodisha jina lake kwa watengenezaji wa nje, tofauti na Yves Saint Laurent, ambayo vipodozi vyake viko mikononi mwa L'Oréal tangu 2008. Anayeamua mng'aro wa lipstiki ya Chanel analipwa na kampuni ileile inayomlipa fundi anayeshona koti la Chanel.

Kasha na alama

Kasha la rangi za kope la Chanel ni la mraba, jeusi linalong'aa, na juu yake zimeandikwa herufi mbili za C zilizopeana mgongo na kuingiliana. Ndani mna kioo na vidonge vinne vya rangi, na kasha zima huja limevikwa kifuko cha mahameli nyeusi. Rouge Allure haina kifuniko cha kuchomoa kama lipstiki nyingine: unabonyeza sehemu ya dhahabu juu kwa kidole, inatoa mlio mdogo, na bomba la ndani linachomoza. Umbo hilo la jumla, yaani weusi, weupe na mstari wa dhahabu, linatokana kwa kiasi kikubwa na Jacques Helleu, aliyeingia kwenye kampuni 1956 akiwa kijana wa miaka 18 na kuongoza sura ya manukato na vipodozi vyake hadi alipofariki 2007.

Toleo la msimu kwa kawaida hucheza ndani ya kasha. Huko ndiko zinakochapwa alama za nyumba: ua la kamelia, simba, lulu, mishono ya almasi ya mkoba wa 2.55 uliotoka Februari 1955, au nyuzi za kitambaa cha tuidi. Rangi nne za kope za toleo la Les 4 Ombres Tweed la mwaka 2023 zilichapwa mfumo wa kitambaa hicho juu yake. Majina nayo hufanya kazi hiyohiyo. Rouge Coco ilipoundwa upya 2015, rangi zake zilipewa majina ya watu wa maisha ya Coco, wakiwamo Arthur, Misia na Adrienne. Na vipodozi vya wanaume, Boy de Chanel, vilivyoanzia Korea Kusini 2018, vimebeba jina la utani la Arthur Capel, mpenzi wake.

Michoro hiyo ya poda ina jambo la kuchekesha kidogo. Ipitishe brashi mara chache tu na ua la kamelia linaanza kufifia. Endelea wiki kadhaa na unabaki na poda kama poda nyingine yoyote. Ndiyo maana kuna wanunuzi ambao hawaigusi kabisa. Wanaifungia kabatini kama sarafu za kale, jambo ambalo kwa muuzaji si hasara hata kidogo.

Rouge Noir

Mfano mkubwa wa rangi ya msimu iliyokataa kuondoka ni Rouge Noir, rangi ya kucha nyekundu iliyokolea hadi kuelekea weusi wa damu iliyoganda. Ilizaliwa kwa onyesho la mavazi la mwaka 1994, wakati Karl Lagerfeld akiwa mbunifu mkuu, na waliokuwa nyuma yake ni Dominique Moncourtois na Heidi Morawetz, wakuu wa vipodozi. Husimuliwa kwamba, nyuma ya jukwaa, kucha za wanamitindo zilipakwa kalamu nyeusi ya wino kwanza, kisha nyekundu juu yake, kwa kuwa rangi iliyotakiwa haikuwapo sokoni. Marekani iliuzwa kwa jina la Vamp. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Pulp Fiction, na umma ukaihusisha rangi hiyo na kucha za Mia Wallace, mhusika aliyeigizwa na Uma Thurman. Madukani iligombaniwa, na baadaye ikaingizwa kwenye orodha ya kudumu. Kabla yake, kucha nyeusi-nyeusi zilikuwa za vijana wa muziki wa roki. Baada yake, hata mwanasheria aliingia nazo ofisini.

Wabunifu waliofuata

Mbelgiji Peter Philips, mkurugenzi wa ubunifu wa vipodozi kuanzia 2008 hadi 2013, aliirudia mbinu ya Rouge Noir kwa makusudi: kijani hafifu cha Jade mwaka 2009, kisha Particulière mwaka 2010, rangi ya kucha ya udongo wa kijivu iliyoigwa na karibu kila kampuni. Lucia Pica, mzaliwa wa Naples, alianza na toleo zima la wekundu mwaka 2016, na mwaka 2018 akaurudia mji wake katika toleo la machipuo la Neapolis: New City, lenye rangi za kuta zilizochakaa na bahari. Pengine hilo ndilo toleo lililotoka mbali zaidi na jukwaa la mavazi, na halikupungukiwa na lolote.

Tangu 2022 kazi imekabidhiwa kundi la wabunifu liitwalo Comètes Collective, lililoanza na Ammy Drammeh, mwenye asili ya Hispania na Gambia, Mchina Valentina Li na Mfaransa Cécile Paravina. Uteuzi huo umekuja baada ya soko kubadilika. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilizinduliwa na fandesheni za rangi 40, na tangu 2022 inauzwa Kenya pia; kampuni za zamani zikalazimika kujibu. Fandesheni ni rahisi kuongeza rangi, lakini toleo la msimu huwa na poda moja au mbili kwa dunia nzima, na ikiwa ni waridi hafifu yenye vumbi la fedha, kwenye ngozi nyeusi huacha weupe wa majivu. Rangi za kukolea, kama shaba, zambarau na nyekundu iliyoiva, hukaa vizuri kwenye ngozi zote, na ndizo mpambaji mwenye wateja wa kila rangi huzitafuta kwanza toleo jipya linapofika.