Nishani Isiyo na Jina

Ndugu msikilizaji, wapo mashujaa wa vita ambao majina yao yamechongwa kwenye mawe, na wapo ambao majina yao yamebaki ndani ya sanduku la bati, uvunguni mwa kitanda, katika vijiji kama Ngulyati huko Bariadi, mkoani Simiyu. Leo tuwazungumzie hao wa kwenye sanduku.

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliingia katika jeshi la Mwingereza, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Wengi walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoanzishwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Batalioni za 26 na 36 za Keya, zote za Tanganyika, zilipelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, mvua kubwa zikinyesha, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw katika matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani, hata ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba.

Waliorudi walirudi na nini? Nishani moja au mbili, cheti cha kuachishwa jeshi, pengine picha, pengine kitambaa cha begani chenye kichwa cha kifaru, alama ya divisheni hiyo. Basi.

Nani aliyatunza majina yao? Tusitegemee sana wakubwa wa wakati ule. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kuhusu Vita Kuu ya Kwanza. Ilikiri kwamba marehemu wapatao 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hata Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927, inamwonyesha askari mmoja asiye na jina.

Na nishani yenyewe? Nishani za Vita Kuu ya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake zilitolewa bila jina la mwenyewe. Itazame nyota ya Burma: ina ncha sita, ina jina la Burma, lakini jina la guku wako halimo. Jina limo katika cheti na katika vinywa vya waliomfahamu. Ukiitenga nishani na cheti, umebaki na kipande cha chuma. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndipo hatari kubwa inapoonekana, nayo si mchwa peke yake. Ni siku ya kugawana mirathi. Mmoja anachukua nishani, wa pili picha, na makaratasi yanawashiwa moto jikoni kwa kuwa hayana bei. Ndugu, vitu hivi visigawanywe. Ukoo umchague mtunzaji mmoja, na wengine wapewe nakala zilizopigwa picha kwa simu.

Nishani usiisugue kwa mchanga wala majivu, maandishi yatalika. Ifute kwa kitambaa kikavu. Cheti kisigandishwe kwa gundi. Kiwekwe ndani ya bahasha safi, mbali na moshi na unyevu. Nyuma ya picha andika kwa penseli, taratibu, jina, kijiji na mwaka. Kisha kaa na bibi, au mzee wa rika lake aliyebaki, uandike anayoyakumbuka.

Lakini si kila kitu cha jeshi ni cha kuweka nyumbani. Risasi au bomu la zamani usiliguse. Toa taarifa polisi. Na sare za jeshi letu si za raia: mwezi Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia waliokuwa nazo siku saba wazisalimishe.

Tusidhani kuwa hii ni habari ya marehemu tu. Vijana waliokwenda kumwondoa Idi Amin baada ya kuivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, wanajeshi na mgambo, ndio mababu wa leo. Waliobaki wanaweza bado kukueleza kwa vinywa vyao walikuwa wapi siku Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa wote kwa pamoja. Kumkumbuka mmoja mmoja, kwa jina lake, ni kazi ya nyumba yake. Kama babu yupo, muulize jioni hii, na kalamu uwe nayo mkononi.