Bule nyeupe inarudi nyuma bila dawa: kuelewa efe na namna ya kupiga biliari

Ukipita mtaani Bigo saa kumi na moja za jioni, utasikia mlio wa mabule kabla ya kuona meza. Meza iko chini ya mabati ao chini ya turubai, pikipiki zimepangwa pembeni, vijana wamezunguka, na kila mmoja iko na shauri la kumpa yule mwenye kushika fimbo. Haiko Bigo peke yake. Mudzipela, Lumumba, Nyakasanza, kote Bunia utakuta biliari. Lakini ni Bigo niliona jambo lililonisukuma kuandika ukurasa huu.

Motari mmoja alikuwa anacheza kwa pesa na kijana mgeni. Ilibaki bule nyeusi tu, karibu na tundu la kona, na nyeupe ilikuwa mbali kidogo, moja kwa moja nyuma yake. Sisi wote tulisema: akipiga hapo, nyeupe itafuata nyeusi ndani ya tundu, na atapoteza. Mgeni aliinama, akapiga. Nyeusi ikaingia. Nyeupe ikasimama kama imeshikwa na mkono, kisha ikarudi nyuma polepole mpaka karibu na tumbo lake. Motari alitoa pesa yote ya siku, pamoja na ile ya kurudishia mwenye pikipiki. Na saa ileile makelele yakaanza: "Ule kijana iko na dawa!" Mwingine akasema ameficha sumaku. Kama wakubwa hawangeingilia kati, mgeni angepigwa.

Mgeni hakuwa na dawa. Alifanya kitu ambacho Wafaransa wanaita retro, na ambacho mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kujifunza kwa wiki mbili tatu kama kuna mtu wa kumuonyesha. Mimi mwenyewe nilionyeshwa na muzee mmoja aliyeanza kucheza wakati wa Zaïre, nikiwa tayari na miaka thelathini na kitu. Yafuatayo ni yale nilipata kwake, pamoja na yale nilisoma kisha.

Kwanza elewa kile kinafanyika juu ya nguo ya meza. Bule nyeupe ukiipiga katikati kabisa, haianze kuviringika palepale. Inateleza kwanza. Ni sawa na gurudumu la pikipiki kwenye matope ya msimu wa mvua: chombo kinaenda, gurudumu halizunguki sawasawa na mwendo wake. Nguo ya meza inakwaruza bule kwa chini, na mkwaruzo ule ndio unailazimisha ianze kuzunguka, mpaka mwisho iviringike vizuri kwenda mbele. Kila kitu katika efe kinatoka hapo: bule inaenda upande mmoja, lakini mzunguko wake unaweza kuwa wa namna nyingine.

Ukipiga juu ya katikati, bule inaondoka ikiwa na mzunguko wa mbele. Kuna hata kipimo: ukigusa bule kwenye sehemu saba za kumi za urefu wake kutoka chini, inaviringika palepale bila kuteleza. Kwa bule nyeupe ya milimita 48, hiyo ni kama milimita 34 kutoka nguo. Bule ya namna hiyo ikigonga nyingine, inasimama kidogo, kisha mzunguko unaisukuma iendelee mbele. Ile ndiyo inaitwa kule, kwa Kifaransa. Usichanganye na "kule" yetu, hata kama kweli bule inaenda kule!

Ukipiga chini ya katikati, bule inaenda mbele huku inazunguka kwa nyuma. Ikigonga bule nyingine usoni kabisa, mwendo wake wote wa mbele unahamia kwa ile iliyogongwa. Inabakiwa na mzunguko wa nyuma tu. Mzunguko ule unashika nguo, na bule inarudi. Hiyo ndiyo retro, hiyo ndiyo "dawa" ya yule kijana.

Sasa angalia kosa la wengi. Mzunguko wa nyuma haudumu. Njiani nguo inaendelea kuukwaruza, unapungua, unaisha, kisha unageuka kuwa wa mbele. Ndiyo maana mtu anapiga chini vizuri, lakini kwa bule iliyo mbali sana nyeupe hailudi, ao hata inafuata mbele. Anasema meza ni mbaya. Hapana, mzunguko ulikwisha njiani. Kama bule iko mbali, piga chini zaidi, ao kwa nguvu zaidi, ao vyote viwili. Na katikati ya hayo kuna pigo ambalo mimi naona ni la maana kuliko retro yenyewe: nyeupe inafika ikiwa inateleza tu, bila mzunguko wa mbele wala wa nyuma. Ikigonga usoni, inakufa palepale. Wachezaji wazuri wanatumia hilo mara nyingi kuliko retro za kuonyesha watu.

Na kama haugongi usoni, unagonga kwa upande? Hapo kuna mambo mawili ya kuweka kichwani. Nyeupe inayofika bila mzunguko inaachana na bule iliyogongwa kwa pembe ya mraba, nyuzi 90, sawa kona ya kitabu. Nyeupe inayofika ikiviringika kawaida, na ikagonga karibu nusu ya bule, inageuka kama nyuzi 30 kutoka njia yake ya kwanza. Nyosha vidole viwili kama alama ya ushindi, bila kuvitanua kwa nguvu: nafasi ile ni karibu na nyuzi 30. Elekeza kidole kimoja kwenye njia ya nyeupe, kingine kitakuonyesha pale itakwenda kisha kugonga. Mtu aliyenionyesha hilo aliniokoa kutumbukiza nyeupe mara nyingi sana.

Lakini kuna jambo la meza zetu ambalo video za wazungu haziambii. Meza ndogo nyingi zinazocheza kwa jetoni ziko na mabule ya milimita 51, na nyeupe ni ndogo kuliko zingine, milimita 48. Sababu ni mashine: nyeupe ikianguka, chombo cha ndani kinaitambua kwa udogo wake na kuirudisha, wakati zingine zinabaki zimefungwa mpaka ulipe tena. Nyeupe ndogo ni nyepesi. Basi inarudi nyuma kwa urahisi, na inafuata mbele kwa shida. Kijana aliyejifunza hapa akienda kwenye meza kubwa ya Kiamerika, ambapo mabule yote ni ya milimita 57 na uzito ni mmoja, atashangaa retro yake imekuwa fupi. Hajasahau kucheza, ni bule imekuwa nzito. Kuna pia sehemu ambapo nyeupe ya zamani ilipotea na wameweka nyingine isiyolingana. Kabla ya kuweka pesa mezani, weka nyeupe pembeni ya bule nyingine, angalia kwa macho.

Tuje kwa mkono, juu hapo ndipo watu wanakwama. Wakati wa retro, vijana wengi wanainua nyuma ya fimbo na kuchimba chini ya bule kama wanachimba muhogo. Bule inaruka, ao fimbo inateleza, ao nguo inapasuka na mwenye meza anadai alipwe. Fimbo inapaswa kulala karibu sambamba na meza. Kama unataka kupiga chini, usiinue nyuma. Shusha mkono wa mbele. Laza kiganja, tandaza vidole, kidole gumba kikae chini zaidi. Ncha inashuka yenyewe.

Mkono wa nyuma usikamate fimbo kama panga. Ishike kama unavyoshika ndege mdogo, asitoroke, asife. Kuanzia bega mpaka kiwiko, mkono usitikisike. Kinachotembea ni kutoka kiwiko kwenda chini, sawa kamba yenye jiwe iliyofungwa kwenye tawi. Saa ncha inagusa bule, mkono wa chini unapaswa kuwa umenyooka kuelekea ardhi. Kama unashika mbele sana ao nyuma sana, ncha itapanda ao itashuka dakika ya mwisho, na utagusa pahali usipotaka. Muzee wangu alikuwa ananisimamia pembeni, anashika kiwiko changu kwa vidole viwili, na kila kikishuka ananipiga kofi dogo. Niliona haya mbele ya watoto, lakini nilijifunza.

Peleka fimbo mbele na nyuma mara mbili tatu, polepole. Simama kidogo nyuma. Kisha piga, na uache fimbo ipite mbele ya pale bule ilikuwa. Wengi wanafikiri ile kupitisha fimbo ndiyo inaongeza mzunguko. Si kweli: ncha na bule vinagusana kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, bule imekwisha kuondoka kabla mkono wako haujajua. Faida ya kupitisha ni kwamba inahakikisha haukufunga breki kabla ya kugusa. Mtu anayeogopa retro anafunga breki, na efe inakufa. Na baada ya kupiga, baki umeinama. Kichwa kinachoinuka haraka kinavuta bega, na bega linavuta fimbo.

Kuna mpaka wa kwenda mbali na katikati. Ukizidi karibu nusu ya umbali kati ya kitovu cha bule na ukingo wake, ncha inateleza na unasikia ule mlio mbaya ambao kila mtu pale anacheka. Kwa nyeupe yetu, ni kama milimita 12, upana wa kidole kimoja hivi. Yaani nafasi ya kuchezea ni ndogo kuliko unavyofikiri. Na hata hiyo unaipata tu kama ngozi ya ncha iko duara na ina chaki. Ngozi iliyokauka na kung'aa kama kioo haishiki kitu. Ikwaruze kidogo kwa karatasi ya msasa. Chaki, ipakaze kwa kupangusa, siyo kwa kuizungusha kama unafunga bulon. Chaki haina nguvu ya ajabu. Inaleta mkwaruzo tu, ili ngozi ishike bule.

Ngozi ile ndiyo ilileta efe duniani. Mwanzo wa karne ya 19 afisa wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, alikuwa kifungoni na anacheza biliari humo gerezani. Ni yeye anayehesabiwa kuwa mtu aliyeweka ngozi kwenye ncha ya fimbo, na alipotoka alishangaza watu kwa kurudisha bule nyuma. Mwaka 1835, mwanahesabu Gaspard-Gustave de Coriolis alitoa kitabu kizima mjini Paris kuhusu hesabu ya efe za biliari. Ni yuleyule ambaye jina lake linatajwa shuleni kwa habari ya upepo na kuzunguka kwa dunia. Basi anayesema bule kurudi ni uchawi, amechelewa karibu miaka mia mbili.

Efe ya pembeni, kushoto na kuume, nitaipitia mbio, na kwa makusudi. Ukipiga upande wa kuume, nyeupe ikifika kwenye bandi inatoka ikielekea kuume zaidi. Kushoto, kushoto zaidi. Ni nzuri kwa kutafuta nafasi ya pigo linalofuata. Lakini ina bei. Ukipiga kuume, nyeupe inaondoka ikikwepa kidogo kwenda kushoto, haiendi pale fimbo inaelekea. Kadiri bule iko mbali, kosa linakuwa kubwa. Tena fimbo zetu za mbao zilizopinda kila moja inakwepesha kwa namna yake. Shauri langu ni hili: miezi miwili mitatu ya kwanza, cheza juu, katikati, na chini tu. Niliwaona vijana wenye kupenda efe ya pembeni tangu siku ya kwanza, na mpaka leo hawajui kwa nini wanakosa.

Kwa mazoezi hauhitaji mwalimu. Weka bule moja katikati ya meza na nyeupe umbali wa fimbo nusu, zote mbili kwenye mstari wa tundu. Piga katikati mpaka nyeupe isimame palepale, mara tano mfululizo. Kisha piga chini kidogo, irudi kiganja kimoja. Kisha viganja viwili. Ongeza umbali wakati umefaulu tu. Nguvu, iache mwisho: retro nzuri inatoka pahali pa kugusa, haitoki kwa musuli. Kwa kuwa jetoni ni pesa, nenda asubuhi wakati meza haina watu, uongee vizuri na mwenye meza. Wengine wanakubali uache bule mbili juu ya meza bila kuzitumbukiza, ucheze nusu saa kwa bei ya jetoni moja.

Na kuhusu pesa za kubetia, nitasema lile nililoliona. Yule motari alirudi Bigo baada ya siku nne, alikuwa ametembea kwa miguu kwa sababu mwenye pikipiki aliichukua. Mgeni naye hakuonekana tena. Motari alisimama pembeni ya meza, akaniuliza kama ni kweli nimejifunza kurudisha bule. Nilimpa fimbo, nikaweka nyeupe na nyekundu kwenye mstari, nikamwambia alaze kiganja. Jaribio la kwanza bule iliruka mpaka kwenye mtaro. La sita, nyeupe ilirudi, kama urefu wa kidole.