Kukatiza Kona

Ukimuuliza mtu njia, atakwambia nenda moja kwa moja, ukifika kwenye mwembe kata kona. Anakutaka ugeuke tu. Kwa hiyo naona ni kosa kutumia maneno hayohayo kwa dereva wa mbio za magari anayeyapitisha magurudumu ya ndani juu ya majani ili ainyooshe kona. Huko ni kukatiza kona, kama tunavyokatiza uwanja au shamba la mtu kufupisha safari.

Tofauti hii ina uzito ndani ya gari. Mwelekezi, anayekaa kando ya dereva, husoma maelezo ya njia kwa sauti, haraka, injini ikinguruma. Akisema “usikate”, dereva anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kuelewa asigeuke kabisa. “Usikatize” haina utata.

Kishawishi kinatokana na hesabu. Kona ya rediasi ya mita 40 inayopitika kwa kilomita 60 kwa saa, ikinyooshwa hadi rediasi ya mita 50, matairi yakishika vilevile, inapitika kwa takriban 67. Kona ni nyingi katika mkondo mmoja, yaani kipande kimoja cha njia kinachopimwa muda, na ushindi huamuliwa kwa sekunde. Ila upande wa ndani haukutengenezwa upitwe: kuna mitaro, visiki na, kule Naivasha kwenye Safari Rally, mawe yaliyofichwa na nyasi. Novemba 2001, dereva Colin McRae aliingia mashindano ya Wales akiongoza msimamo wa ubingwa wa dunia kwa pointi 42 dhidi ya 40 za mpinzani wake Richard Burns. Katika mkondo wa nne alikatiza kona ya kulia kupita kiasi, Ford Focus yake ikabingirika. Burns akamaliza wa tatu na kutwaa ubingwa.

Siku za majaribio huleta hatari ya aina nyingine. Timu hufunga kipande cha barabara na kukirudia mara nyingi, ikibadilisha springi, shokabsoba na matairi. Kila mzunguko magurudumu huchimbua ndani ya kona. Palipokuwa tambarare asubuhi, mchana pana shimo na jiwe limejitokeza. Vipimo navyo huharibika. Dereva akizidi kukatiza kila anaporudi, muda unapungua, na mhandisi atadhani springi mpya ndizo zilizoleta kasi.

Wala barabara za majaribio si salama zaidi, hata pasipo kukatiza kona. Tarehe 13 Aprili 2023, Craig Breen, dereva wa Ireland mwenye umri wa miaka 33, alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Croatia gari lake lilipotoka barabarani na kugonga nguzo ya uzio. Alifariki; mwelekezi wake, James Fulton, hakuumia.

Kwenye lami, anayekatiza huwaachia wenzake tope na changarawe barabarani. Waandalizi huweka vigingi ndani ya kona kuzuia hilo. Navyo ningependa viitwe vizuia-katizo, na timu zivipange hata siku ambayo hakuna anayeshindana.