Nani anashika filimbi?

Asubuhi, bandari ya Kituku mjini Goma haina nafasi ya uvivu. Boti zinazotoka Minova zinashusha mihogo, ndizi na makaa, wabebaji wanagombania mizigo, na katikati ya kelele hizo watoto wenye bidoni za njano wanachota maji ya ziwa Kivu. Wengi wao wana umri wa kuwa darasani. Minervali, yaani karo ya shule, ikikosekana, bandari huwapokea bila kuwauliza bulletin, ile ripoti ya masomo.

Goma imejaribu zaidi ya mara moja kuwavuta vijana wa aina hiyo kwa mchezo. Dario Merlo alianzisha Promo Jeune Basket, ambako mpira wa kikapu unakwenda sambamba na masomo. Bondia Kibomango, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto askari, amewafundisha ngumi vijana waliotoka msituni kama yeye. Wote wawili wamefanya kazi katika mji ambao moto wa Nyiragongo uliupasua katikati tarehe 17 Januari 2002, na ambako mtoto anayeanguka akicheza huangukia mawe meusi ya volkano. Lakini wazo lenyewe, la kumlea kiongozi kwa mpira na daftari, ni kongwe kuliko miradi hiyo. Kongo ililipokea kutoka kwa padri.

Raphaël de la Kethulle de Ryhove, mmisionari wa shirika la Scheut kutoka Ubelgiji, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1917. Alifungua shule, akaunda timu, na mwaka 1919 akaanzisha chama cha michezo cha Wakongomani. Watu wakamwita Tata Raphaël. Mwaka 1925 aliwakusanya wanafunzi wa zamani wa mapadri wake katika chama kilichoitwa ADAPES. Humo walijifunza kuendesha mkutano, kuweka hesabu na kuzungumza mbele ya watu, wakati ambapo mkoloni hakuruhusu vyama vya siasa. Jean Bolikango, aliyekuja kugombea urais dhidi ya Joseph Kasa-Vubu mwaka 1960, alikuwa mwalimu na mkuu wa chama hicho.

Mavuno hayo si madogo. Hata hivyo, malezi ya padri yalikuwa na mpaka wake: kijana angeweza kuwa nahodha, lakini mwenye uwanja, mwenye ratiba na mwenye neno la mwisho alikuwa mzungu.

Mpaka huo ulionekana wazi tarehe 16 Juni 1957. Katika uwanja wa Roi Baudouin, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, timu ya Léopoldville ilicheza na Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji. Mwamuzi, Mbelgiji, alikataa magoli mawili ya Wakongomani, na wageni wakashinda 4 kwa 2. Watazamaji walitoka na hasira, magari ya wazungu yakapigwa mawe. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 4 Januari 1959, mashabiki wa V.Club walitoka uwanja huohuo baada ya timu yao kufungwa na Mikado. Wakakutana na umati wa ABAKO, chama cha Kasa-Vubu, uliokuwa umezuiwa kufanya mkutano wake. Ghasia zilizofuata ziliua watu wengi, na ndizo zinazokumbukwa kila mwaka kama siku ya mashahidi wa uhuru. Tuseme tu kwamba kocha wa kwanza wa siasa za Léopoldville alikuwa mwamuzi asiyeaminika.

Jibu la kweli kwa tatizo hilo la nani ana neno la mwisho lilikuja miaka thelathini baadaye, na halikutoka Kongo. Lilitoka Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 1987, Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira, aliwasaidia watoto waliokuwa wakicheza kwa mipira ya karatasi na kamba kuanzisha ligi. Sharti lilikuwa moja: ukitaka nikusaidie, nawe fanya kitu. Kwa hiyo timu iliyosafisha takataka za mtaa ilipata pointi katika msimamo wa ligi, kama timu inayoshinda mechi. Ungeweza kuwa na washambuliaji hodari kabisa, lakini kama hukushika sepetu, ubingwa ulikukimbia.

Chama kilichotokana na ligi hiyo, MYSA, kilikwenda mbali zaidi. Vijana walichagua wenzao katika kamati za kanda, na kamati hizo ndizo zilizopanga mechi, zikateua waamuzi na kusikiliza rufaa. Kijana aliyefundisha wadogo zake au kupuliza filimbi alijikusanyia alama, na waliofanya vizuri walipewa tuzo ya uongozi: fedha hazikuwekwa mfukoni mwao, zililipwa shuleni kwao kama karo. Hapo ndipo mpira na daftari vilipokutana kwa hesabu inayoeleweka. Wasichana waliingia mwaka 1992, baada ya ubishi mwingi nyumbani, kwani mama alihitaji mtu wa kulea wadogo. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008 na kumpitisha mshambuliaji Dennis Oliech kuelekea Ulaya. Mwaka 2003 MYSA ilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Oliech ndiye anayetajwa zaidi, na ni haki yake. Lakini faida kubwa ya Mathare ni wale wasiotajwa: kijana wa miaka kumi na sita aliyelazimika kumweleza kocha mwenye hasira, mbele ya wachezaji wake, kwa nini rufaa yao imekataliwa. Kazi hiyo hakuna semina inayoifundisha.

Goma ina sababu zake za kusitasita. Katika jiji lililotekwa na waasi wa M23 mwezi Novemba 2012, kisha tena mwisho wa Januari 2025, si rahisi kumwambia mfadhili kwamba ratiba itaandikwa na watoto. Mkubwa anayejua barabara ipi imefungwa leo anahitajika. Ila mtoto wa Kituku naye anajua mengi: anajua boti ipi imejaa kupita kiasi, nani hulipa na nani hudanganya, na jinsi ya kugawana mzigo na wenzake watano bila kupigana. Mradi unaomwandikisha mtoto huyo kama mchezaji tu, ukampa jezi na kiatu, umechukua miguu yake peke yake. Kamati ya ligi, daftari la matokeo na filimbi havina gharama kubwa kuliko jezi hizo.