Alfabeti ya vidole: namna ya kuifundisha mtoto mdogo asiyesikia

Alfabeti ya vidole ni kuandika hewani kwa mkono. Kila herufi, toka A mpaka Z, iko na umbo lake. Viziwi wa kwetu Kongo wanatumia ile ya mkono mmoja. Uingereza wao wanatumia mikono miwili.

Ilitoka wapi?

Maumbo haya yalichapwa Madrid, Hispania, mwaka 1620, ndani ya kitabu cha Juan Pablo Bonet. Yalipita Ufaransa, na mwaka 1816 kiziwi Mfaransa, Laurent Clerc, akavuka bahari kwenda kufundisha Marekani. Aliyeyaleta sehemu nyingi za Afrika ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu miaka 11 sababu ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Alifungua shule Ghana mwaka 1957, kisha zingine katika inchi nyingi, na Kongo iko ndani. Alikufa mwaka 1987 ndege ilipoanguka Rwanda, upande wa Gisenyi, jirani kabisa na Goma. Ndiyo maana ishara za viziwi wetu zinafanana sana na za Marekani, hata kama shuleni tunaandika Kifaransa.

Alfabeti peke yake si luga

Hapa watu wengi wanachanganya. Mtoto wa miaka 3 hataomba maji kwa kupanga M-A-J-I. Anahitaji ishara moja ya maji, moja ya kula, moja ya mama, moja ya kuumwa. Luga ya ishara ni hizo ishara, pamoja na uso, mwili na kanuni zake za kupanga maneno. Alfabeti inasaidia kwa majina ya watu, ya miji na maneno yasiyokuwa na ishara. Tena ni daraja ya kufikia kusoma. Mtoto asiyepewa ishara nyumbani anafika shuleni bila luga yoyote, na hapo herufi 26 hazimwambii kitu. Kwa hiyo mzazi, anza na ishara, kisha vidole vifuate.

Herufi gani kwanza?

Usifuate A, B, C mpaka mwisho. Vidole vya mtoto mdogo havijatii vizuri, basi anza na maumbo mepesi:

- A: ngumi, kidole gumba kando.
- B: vidole vine juu, vimeungana, gumba limelala kwenye kiganja.
- C na O: mkono unachora herufi yenyewe.
- L: gumba na kidole cha kuonyeshea vimefunguka.

Kwa A na B tu, mtoto anaandika BABA. Ukiongeza L, anaandika LALA. M, N, S na T zote ni ngumi zinazofanana, na R inaomba kupishanisha vidole viwili: hizo zingoje. J na Z zinachorwa kwa kutembeza kidole.

Keti kando ya mtoto, ao msimame wote mbele ya kioo. Ukikaa uso kwa uso, mara nyingi anageuza kiganja kwake. Kiganja kiangalie yule anayesoma. Atumie mkono anaoupenda, hata wa kushoto. Asipopata umbo sawasawa, usimkaripie. Onyesha tena polepole.

Kwa walimu

Shuleni tunafundisha kusoma kwa sauti: ba, be, bi, bo, bu. Kwa mtoto asiyesikia, njia hiyo imefungwa. Mfungulie ya macho, hatua nne mfululizo: onyesha kitu chenyewe, fanya ishara yake, kiandike kwa vidole, kisha kiandike kwenye tablo. Mfundishe kalasi nzima, maana mtoto mmoja mwenye alfabeti kati ya wenzake wasioijua hana mtu wa kuongea naye.

Neno la kwanza

Wengi wanachagua jina la mtoto mwenyewe. Kisha jina la baba ao mama, kisha la kijiji. Katika majimbo yetu familia zinakimbia vita usiku, na watoto wanapotea njiani. Mtoto anayesikia anaulizwa: wewe ni wa nani? Kiziwi hasikii lile swali. Lakini kama vidole vyake vimezoea jina lake na la kwao, atakuja kuyaandika hata chini kwenye udongo, na mtu yeyote anayejua kusoma atafahamu ni mtoto wa nani.